Mtoto ameshiba, mtoto amedumaa

Iringa ni ghala la mahindi. Ni mkoa huohuo ulioongoza nchi kwa udumavu katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022: asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Wastani wa Tanzania ni asilimia 30, kutoka 42 mwaka 2010. Chakula kipo, basi. Tuhesabu tuone kinapotelea wapi.

Mtoto wa kilo 8 hula kama mililita 250 kwa mlo mmoja, tumbo likajaa. Uji mwepesi, ule unaonyweka kikombeni kama chai, una takriban kilokalori 0.3 kwa gramu, kwa hiyo bakuli zima ni 75. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 200 hivi kwa siku nje ya maziwa ya mama: bakuli tatu, inawezekana. Akitimiza mwaka anahitaji 550. Hapo ni bakuli saba na ushee, na mama yuko shambani tangu alfajiri. Nani atamlisha mara saba? Simshangai mama anayebisha akiambiwa mwanawe hali vya kutosha. Kila siku anamwona amelala ameshiba.

Uji ukikazwa hadi ushikamane na kijiko, hufika kilokalori 0.8 kwa gramu. Bakuli lilelile sasa ni 200. Kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti huongeza 40, zaidi ya nusu ya bakuli la uji mwepesi. (Sembe pekee bado haitoshi hata ikikazwa: madini ya chuma na protini vitoke kwenye dagaa waliosagwa, maharage au yai.)

Kabla ya uji kuna titi. Mwaka 2022, asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita walikuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Tunasema maziwa hayo ni ya bure, lakini anayenyonyesha anahitaji kama kilokalori 500 za ziada kila siku, sawa na gramu 140 za unga wa mahindi. Kwa siku 180 ni kilo 25. Maziwa ya kopo kwa muda huo ni kilo 20, yaani makopo 50 ya gramu 400. Ulizia bei ya kopo moja duka la jirani, uzidishe kwa 50, kisha uongeze mkaa wa kuchemshia maji.

Unga wa mama, basi, ndio rahisi. Kilicho adimu ni muda wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kufikia miezi sita zinabaki siku 96. Mkulima wa Iringa hana mwajiri wa kumdai hata hizo 84.