Nusu ya Dunia Imerudi: Shamba ni la Nani?

Katika vibanda vya video vya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hakuna anayebisha kwamba mtu anaweza kugeuka kijani na kunyanyua lori. Hilo hupita bila swali. Ubishi huanza baadaye, na huwa mkali hadi walioketi mbele wakageuka nyuma. Kama Thor ana radi mkononi, mbona anaitoa mwishoni tu, wenzake wakiwa wameshapigwa? Kama juzi Hulk alibwaga majitu, leo amekuwaje mnyonge? Kama ipo mashine ya kurudi zamani, si wangemfuata adui wao Thanos akiwa bado kitoto kichanga?

Maswali hayo nayachukulia kwa uzito wote, maana ni ya kisayansi. Mtazamaji hajali kwamba sheria za filamu si sheria za dunia yetu. Anachodai ni kwamba sheria ikishatangazwa ifanye kazi mpaka mwisho, kwa steringi na kwa adui, inapomfaa mwandishi na inapomsumbua.

Ubongo wenyewe ndivyo unavyofanya kazi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Uholanzi, Mante Nieuwland na Jos van Berkum, waliwapa watu hadithi ya karanga iliyokuwa ikicheza na kuimba kwa furaha kwa sababu imekutana na lozi wa kike, huku wakipima umeme wa vichwa vyao. Kwa kawaida, kuambiwa kwamba karanga imependa huushtua ubongo: kiasi cha milisekunde 400 baada ya neno lisiloingia akilini, vipimo huonyesha wimbi la pekee. Ndani ya hadithi ile mambo yaligeuka. Karanga iliyopenda ilipita bila taabu, na karanga iliyotiwa chumvi, jambo tunaloliona sokoni kila siku, ndiyo iliyoleta mshtuko. Miaka miwili baadaye Ruth Filik na Hartmut Leuthold, nchini Uingereza, walimtumia Hulk mwenyewe. Mtu wa kawaida akisimuliwa kuwa amenyanyua lori lililomzibia njia, wimbi hupanda. Akinyanyua Hulk, ubongo hauoni tatizo.

Watoto nao wanalijua hilo mapema. Deena Skolnick na Paul Bloom waliwauliza watoto wadogo Batman anawaonaje wahusika wengine. Wakajibu kwamba kwa Batman, Robin ni mtu wa kweli, lakini SpongeBob ni katuni tu. Mtoto ambaye bado hajui kuandika jina lake anatambua kwamba kila hadithi ina mipaka yake, na kwamba aliye ndani ya mipaka ya moja hana kibali cha kuingia nyingine.

Utafiti ulionivutia zaidi ni ule wa Andrew Shtulman na Caitlin Morgan wa mwaka 2017. Waliwauliza watu uchawi upi ungekuwa mgumu zaidi: kuuelesha hewani mpira wa kikapu, au kulielesha tufe zito la mchezo wa bowling. Uchawi haupaswi kujali kilo. Hata hivyo watu walisema tufe zito ni gumu zaidi. Tunaukubali muujiza, kisha papo hapo tunauwekea mizani.

Mizani hiyo ndiyo inayomwangusha Ant-Man. Filamu yake ya mwaka 2015 inatueleza jinsi anavyosinyaa: nafasi iliyo kati ya atomu hupungua, uzito unabaki. Ndiyo sababu ngumi ya kijitu kidogo inamwangusha mwanamume mzima. Vema, tumekubali, sasa tupige hesabu. Mtu wa mita 1.8 akisinyaa hadi sentimita 1.2 amepungua urefu mara 150, eneo la nyayo zake limepungua mara 22,500, na ujazo wake zaidi ya mara milioni 3. Kila sentimita ya ujazo ya mwili wake ingekuwa na uzito wa tani tatu na ushee, msongamano wa nyota kibete nyeupe. Kilo zake 80, zikikanyaga eneo la milimita mbili za mraba, zingeisukuma sakafu kwa shinikizo linalozidi mara kumi lile linalohimiliwa na zege la kawaida. Kwenye udongo mwekundu wa Kasulu angezama kabla hajapiga hatua ya pili. Lakini tunamwona amepanda sisimizi anayeruka, na mwalimu wake Hank Pym anatembea na kifaru cha kivita alichokisinyaza na kukifanya kishikio cha funguo. Kusinyaa siyo kosa, tulishakuruhusu. Kosa ni kwamba uzito upo pigano likihitaji uzito, na haupo safari ikihitaji wepesi.

Wakanda, nchi ya Black Panther, nayo ina ufa wake, ingawa huo nausamehe. Studio ya Marvel huiweka Wakanda upande wetu wa Afrika, maeneo ya Ziwa Turkana, ilhali watu wake husema Kixhosa. Chanzo ni John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyecheza kama Mfalme T'Chaka katika filamu ya mwaka 2016. Kixhosa ni lugha yake, akaitumia, na ikabaki. Tatizo ni kwamba Kixhosa kilipata sauti zake za vidoko kwa kuishi na majirani Wakhoi na Wasan huko kusini. Nchi iliyojificha kaskazini mwa Kenya isingezipata kwao. Hata hivyo lugha ile inasemwa kwa heshima kila inapotumika, na uthabiti huo unaifanya Wakanda isimame.

Wasimulizi wa Afrika Mashariki walikuwa waangalifu kuliko studio nyingi za Marekani. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Na bado, anapofungwa minyororo, jitu hilo la Pate na Ozi haliikati kwa mikono. Mama yake anamtumia tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, mjakazi Saada anaupeleka, walinzi wanaudharau, na kelele za ngoma nje zinafunika mkwaruzo wa chuma. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naona akili ya mtu aliyepanga sheria zake vizuri: mwili usiopenyeka ni jambo moja, mikono inayokata chuma ni jambo jingine, na shujaa amepewa la kwanza tu. Ndivyo ilivyo kwa Lwanda Magere wa Wajaluo. Mwili wake ni wa jiwe, kwa hiyo mikuki inadunda. Udhaifu wake umo kivulini, na mkuki uliomuua ulichoma kivuli. Hakuna anayeongezewa uwezo mpya dakika za mwisho.

Vibandani ipo kanuni moja kubwa: steringi hafi. Marvel waliifuata tangu Iron Man ya mwaka 2008, kisha mwaka 2018, katika Avengers: Infinity War, wakaonekana kuivunja. Thanos anapiga kidole, na nusu ya viumbe hai wote wanageuka vumbi, Black Panther na Spider-Man wakiwamo. Mwaka uliofuata, katika Endgame, filamu ya 22 ya mfululizo ule, waliopotea wanarudishwa baada ya miaka mitano ya hadithi, na Tony Stark, yaani Iron Man, anakufa kwa kuvaa mawe yenye nguvu ambayo mwili wa binadamu hauihimili. Nadhani kifo hicho kinaaminika kuliko jambo jingine lolote katika mfululizo mzima. Tulishaonyeshwa mkono wa Hulk ukiungua kwa nguvu ile ile. Bei ilitajwa mapema, ikalipwa kamili.

Mtu wa Kibondo aliyeianza safari hiyo kwenye filamu ya 19 aliwezaje kuifuata? Kwa msaada wa mtafsiri. Sauti inayopita juu ya sauti ya filamu, kazi ambayo Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliifanya iwe sanaa inayojitegemea jijini Dar es Salaam, haibadilishi maneno tu. Mtafsiri hodari anakukumbusha nani aligombana na nani, anaeleza jiwe hili lina kazi gani, na penye tundu katika masimulizi anashona kiraka. Sehemu ya uthabiti wa ulimwengu wa Marvel tunaoujua huku ni kazi yake.

Lakini kuna tundu moja ambalo mtafsiri hawezi kuliziba, na watu wa Kasulu na Kibondo wanaliona kuliko watazamaji wa New York.

Tuanze na hesabu za Thanos. Anaua nusu ili rasilimali zitoshe. Mwaka 2018 dunia ilikuwa na watu wapatao bilioni 7.6. Nusu yake ni bilioni 3.8, idadi tuliyokuwa nayo mnamo 1972. Kwa Tanzania nafuu ingekuwa fupi zaidi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 na ile ya 2022 milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, ambalo huongeza watu maradufu kwa kiasi cha miaka 22. Nusu iliyopotea ingezaliwa upya ndani ya kizazi kimoja. Adui aliyesafiri nyota kwa nyota akitafuta suluhisho la kudumu amepata ahueni ya miongo michache, na katika filamu zote mbili hakuna anayemwambia hivyo usoni.

Mwaka huo wa 1972 unakumbukwa sana katika ukanda huu. Mauaji ya Burundi yaliwasukuma watu wengi kuvuka kuja Tanzania. Wengine walikuja baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, wengine tena mwaka 2015. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, kisha ikapokea Warundi. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na koo zina jamaa pande zote mbili. Kwa hiyo mtu wa huku akiona kwenye pazia la kibanda watu wakitoweka, kisha wakirudi miaka mitano baadaye, haoni jambo la ajabu. Anauliza wamerudi wapi.

Wapo waliorudi, kwa wingi. Kati ya 2002 na 2009 Warundi zaidi ya laki tano walirejea kwao, wengi wakitoka kambi za mikoa ya Kigoma na Kagera. Waliozikimbia nyumba mwaka 1972, hasa upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, walikuta mashamba yana wenyewe wengine waliokwisha kuyalima kwa miongo mitatu, wakazaa na kuzika humo. Hayo yote katika nchi ambayo leo ina watu zaidi ya 400 kwa kila kilomita ya mraba. Wajumbe walioketi Arusha chini ya Nyerere, kisha Mandela, hadi mkataba uliposainiwa tarehe 28 Agosti 2000, waliliona jambo hilo likija. Walilitengea sura yake ndani ya mkataba.

Endgame inalitengea dakika chache za furaha. Simu ya Hawkeye inaita, mkewe yuko upande wa pili. Naipenda sehemu hiyo kama kila mtu, ila laini iliyokaa miaka mitano bila kutumika ingekuwa imeshafungwa zamani. Njaa ni kubwa kuliko simu. Watu wakipungua nusu, ndani ya misimu michache kilimo nacho hupungua kufuata walaji. Akiba ya nafaka duniani huwa takriban asilimia 30 ya matumizi ya mwaka. Walaji wakiongezeka maradufu kwa usiku mmoja, mavuno yanatosha nusu yao tu, na akiba iliyobaki inaziba pengo kwa miezi mitatu hadi minne. Mahindi yanayopandwa hapa mvua za mwisho wa mwaka zikianza hayawi chakula kabla ya miezi hiyo kwisha. Shujaa aliyerudisha watu bilioni 3.8 amewarudisha katikati ya ukame wa ghala.

Spider-Man: Far From Home, mwaka 2019, inaligusa suala la makazi kwa kichekesho: Aunt May anatokea ghafla ndani ya nyumba yake na kukuta familia nyingine. Mwaka 2021 tamthilia ya The Falcon and the Winter Soldier ndiyo iliyolikabili. Humo yupo mwanamke kijana, Karli Morgenthau, anayewatetea waliohamia nchi na nyumba zilizoachwa wazi, ambao sasa wanafukuzwa na kuwekwa kambini ili waliorudi wapate pao. Kuna hata baraza la kimataifa la kuwarejesha watu. Kwa mara ya kwanza Marvel waliuliza swali ambalo Kasulu wangeliuliza kabla ya muziki wa mwisho wa Endgame kumalizika. Halafu, baada ya sehemu sita, Karli ameuawa na maseneta wamehutubiwa kwamba wajitahidi zaidi.

Burundi haikuweza kuishia kwenye hotuba. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 mwanzoni ilielekea kuligawa shamba kati ya aliyerudi na aliyelilima, na wote wawili wakabaki na kipande kisichotosha kulisha nyumba. Baadaye ikaelekea kulirudisha lote kwa mwenye asili, na aliyelilima kwa miaka thelathini akatoka na watoto wake. Kila njia ilikuwa na bei, na ilijulikana nani anailipa. Waandishi wa Marvel bado hawajachagua hata moja kati ya hizo mbili, na filamu zinazoendelea kutoka zinawaonyesha watu wote bilioni 7.6 wakiwa wameshapata pa kulala.