Ubunifu katika Ujumbe wa Afya: Kwa Nini Mgonjwa Huacha Dawa Aliyoelezwa Vizuri

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anapoacha dawa, mara nyingi si kwa sababu hakuelezwa. Aliambiwa kuwa dawa ni ya kila siku, akaitikia, akaimeza kwa mwezi mmoja. Kisha, kwa kuwa kichwa hakimuumi, akaamini amepona. Imani hiyo ina mantiki yake, kwani malaria hutibiwa hivyo: dozi ikiisha, ugonjwa nao umekwisha. Shinikizo la damu halifuati desturi hiyo. Huweza kuharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo kwa miaka mingi bila dalili, hadi kiharusi kinapopiga.

Jibu la vituo vingi ni kuongeza vitisho katika mabango. Hofu ina nafasi yake. Hata hivyo, ikitolewa bila njia iliyo wazi ya kujinusuru, msikilizaji hujikinga na hofu yenyewe badala ya ugonjwa: hukwepa kupimwa, au husema kila mtu ana siku yake.

Tanzania ina mfano mzuri wa njia nyingine. Mwezi Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mbinu yake ilitokana na kazi ya Miguel Sabido katika televisheni ya Mexico miaka ya 1970. Mhusika Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi wengi, hakuhubiriwa. Wasikilizaji walimfuata hadi alipougua. Mkewe, Tunu, alianza akiwa mnyonge, akabadilika hatua kwa hatua. Pengine Tunu ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi, maana msikilizaji mwenye shaka hujiona katika mtu anayesitasita kuliko katika mtu mwema tangu mwanzo. Kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo hadi mwaka 1995, hivyo watafiti wakaweza kulinganisha maeneo. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali uliposikika, na mazungumzo kati ya mume na mke yalikuwa sehemu ya mabadiliko hayo.

Mhudumu wa kliniki hana redio wala waigizaji. Ana dakika chache na foleni mlangoni. Bado anaweza kuchagua maneno. “Zingatia matumizi sahihi ya dawa” ni sentensi isiyo na kosa, wala haimgusi mtu. Kwa dereva, inafaa kuanza na kazi yake: “Mzee, ukishuka mlima na gari likaenda taratibu, unaachia breki?” Atacheka, atasema hapana. Hapo ndipo anapoelezwa kwamba kipimo chake kimeshuka kwa sababu breki imekanyagwa, na breki hiyo ni dawa. Kwa mama lishe au mvuvi, mfano huo hauna maana. Hutafutwa mwingine, na njia ya kuupata ni kumuuliza mgonjwa habari za siku yake kabla ya kumshauri. Baada ya hapo aombwe kueleza kwa maneno yake atakavyomsimulia mwenzake nyumbani. Maelezo hayo hufichua upungufu wa ujumbe mapema kuliko kipimo cha mwezi ujao.

Ubunifu huu una mipaka. Mfano wa breki haumsaidii asiyeweza kununua dawa, wala haupaswi kumuahidi mtu kuwa hatapata kiharusi kamwe. Dawa hupunguza hatari, haiifuti. Tena wapo wanaoacha dawa kwa sababu nzuri wasiyoitaja. Enalapril na captopril huweza kuleta kikohozi kikavu kisichokoma. Amlodipine huweza kuvimbisha miguu. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kushawishiwa bali kuulizwa, “Dawa hii inakusumbua vipi?” Naye mgonjwa, hata asipoulizwa, alitaje tatizo hilo kabla hajaacha, kwani mara nyingi ipo dawa nyingine ya kubadilishiwa.