Heri Suluhu Mapema

Mfanyakazi akigombana na mwajiri wake, mara nyingi hushika moja ya njia mbili: kufoka au kununa. Afokaye hupoteza heshima. Anunaye hupoteza haki.

Twasema hupoteza haki kwa kuwa sheria ina siku zake. Katika Tanzania Bara, sheria za kazi za mwaka 2004 zilileta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi yampasa kupeleka shauri lake huko katika siku 30. Migogoro mingine ina siku 60. Akichelewa, hana budi kwanza kueleza sababu za kuchelewa kwake.

Msuluhishi hahukumu. Huwaketisha wawili hao, akamsikiliza kila mmoja, akatafuta neno watakalolikubali wote. Wakishindwa kupatana, ndipo shauri husonga mbele kutolewa uamuzi.

Basi, ndugu mfanyakazi, aendaye kwenye suluhu hapigi magoti; adai haki yake kwa hoja. Mwajiri naye asidhani kwamba kumsikiliza mtumishi wake kutampunguzia cheo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ukuta huu hulipwa na watoto nyumbani.