Mnyama Baada ya "Na": Imani ya Kugeuka na Hadithi ya Upelelezi katika Kiswahili

Utangulizi

Katika mitaa ya bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kuna hadithi moja inayojulikana na wakubwa kwa wadogo. Mwanamume hukutana usiku na mwanamke mzuri aliyevaa buibui, manukato yakimtangulia. Huongozana naye njiani, hata atazamapo chini huona kwato za punda mahali pa miguu ya binadamu. Msimulizi mmoja hulitia tukio penye kivuko cha Likoni, na mwingine hulipeleka Kisauni. Mahali hubadilika, lakini kwato hazibadiliki.

Kisa cha kiumbe chenye sura mbili si cha pwani peke yake. Wazungu wanaye mtu ageukaye mbwa mwitu, ambaye ameingia katika vitabu, sinema na katuni za siku hizi, na aghalabu huandamana na mauaji yanayotafutiwa mkosaji. Hata hivyo, jina "mbwa mwitu" katika Afrika ya Mashariki ni la mnyama mwingine, mwindaji wa nyikani mwenye madoadoa, ambaye hakuna asemaye kwamba ni jirani yake aliyejibadili. Mfasiri atakayeandika "mtu-mbwa-mwitu" atakuwa ametafsiri neno akaiacha hofu nyuma. Hofu hiyo, huku kwetu, imekaa katika fisi, chui, simba na paka.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi imani ya kugeuka inavyokutana na hadithi ya upelelezi, na jinsi sarufi ya Kiswahili, hasa kauli ya kutendwa, inavyozitenga wazi namna hizo mbili za kusimulia.

Vitenzi vya kugeuka na kuuawa

Mzizi wa kitenzi "geuka" hutoa maumbo ambayo kila moja lina hukumu yake. Tukisema "aligeuka fisi", jambo limetukia. Hatukuambiwa kwa mkono wa nani. Tukisema "aligeuzwa fisi", pana mtu mwingine aliyetenda, na huyo aliyegeuzwa anastahili kuhurumiwa. Tukisema "alijigeuza fisi", mtendaji na mtendwa ni mmoja, naye ana hatia. Kiambishi "ji" peke yake chatosha kumtoa mtu katika msiba na kumtia katika mashtaka.

Kauli ya kutendwa ina siri nyingine. Sentensi "mzee aliuawa" ni kamili katika sarufi, lakini haijakamilika katika haki. Ina nafasi mbili zilizo tupu. Ya kwanza hufuata "na", nayo ni ya mtendaji: aliuawa na nani? Ya pili hufuata "kwa", nayo ni ya chombo: aliuawa kwa nini, kwa kisu, kwa sumu, au kwa rungu? Hadithi ya upelelezi, ikivuliwa mapambo yake yote, ni juhudi ya kuzijaza nafasi hizo mbili bila kuzichanganya. Hadithi ya mazimwi na majini huijaza nafasi ya kwanza mapema, na pengine haina haja na ya pili.

Tsavo: mnyama aliyepewa roho

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Ilivuka Makupa ikaingia Changamwe, ikaelekea bara. Mwaka 1898, penye daraja la mto Tsavo, simba wawili waliwala watu kwa muda wa miezi tisa. J. H. Patterson, msimamizi wa ujenzi huo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwamba vibarua walishikilia kuwa wale hawakuwa simba wa kawaida, bali roho za watemi wa zamani wa nchi hiyo, waliokasirishwa na reli. Hapa basi nafasi ya mtendaji ilijazwa na mtu aliyekufa, na simba akawa vazi lake tu.

Patterson aliwaua simba hao Desemba 1898. Alihesabu Wahindi 28 walioliwa, na pamoja nao Waafrika wengi ambao hawakuandikwa popote. Baadaye idadi ya 135 ilienezwa. Ngozi na mafuvu yaliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na huko, zaidi ya miaka 100 baada ya mauaji, upelelezi uliendelea. Mwaka 2009 wataalamu waliopima kemikali za mifupa na manyoya walikadiria kwamba simba hao walikula watu wapatao 35, ingawa walikiri kwamba idadi ya kweli yaweza kuwa baina ya 4 na 72. Mwaka 2024 nywele zilizokwama katika meno yaliyovunjika zilichunguzwa, zikaonekana za binadamu, na za twiga, choroa, kuro, nyumbu na punda milia pia. Mtendaji wa Tsavo alikuwa simba, na simba tu.

Njombe na Singida: kesi mbili zinazopingana

Tanganyika ilitoa mfano ulio mkali zaidi, kwa sababu mambo mawili yaliyofanana kwa sura yalitokea katika miaka iliyokaribiana, yakawa na majibu mawili tofauti.

Huko Njombe, tangu miaka ya 1930 hadi 1947, watu wengi waliuawa na simba. Wenyeji walisema kwamba simba hao walikuwa wa kutumwa, na kwamba mwenye kuwatuma alijulikana. Kwa hiyo wengi waliona kuwawinda ni kazi bure, au ni hatari. George Rushby wa idara ya wanyama pori aliwafuata simba hao, akawaua mmoja mmoja, na mauaji yakakoma. Mtu aliyewekwa katika nafasi ya mtendaji hakuhusika. Mnyama ndiye aliyekuwa mtendaji wa kweli.

Huko Singida, baina ya mwaka 1946 na 1948, watu walikutwa wamekufa huku miili yao ina majeraha kama ya kucha za simba. Safari hii ilidhihirika kwamba waliohusika walikuwa wanadamu, waliovaa ngozi za simba na kuziiga alama za mnyama. Baadhi yao walishtakiwa na kunyongwa. Wanyaturu walikuwa na jina lao la simba-mtu wa namna hiyo, mbojo, na jambo lenyewe lilikuwa na mizizi katika imani iliyotangulia mauaji hayo. Ndiyo maana Harold K. Schneider, mwanaanthropolojia aliyekaa nao, aliona haja ya kuitazama upya habari hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1962.

Tukirudi kwenye sarufi, tofauti ya kesi hizi ni fupi sana. Njombe, waliuawa na simba. Singida, waliuawa na watu, kwa ngozi na silaha. Mnyama ametoka baada ya "na", amehamia baada ya "kwa". Kuhama huko kwa neno moja ndiko kulikotenga kazi ya mwindaji na kazi ya hakimu.

Bwana Msa na wenzake

Fasihi ya upelelezi imelijua jambo hili tangu mwanzo wake. Katika hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1841 kuhusu mauaji ya Rue Morgue, mashahidi waliosikia sauti ya muuaji kila mmoja alidai kwamba ilikuwa lugha fulani ya kigeni, na kila mmoja aliitaja lugha asiyoijua yeye mwenyewe. Muuaji alikuwa nyani mkubwa. Huo ni ushahidi wa kiisimu unaostahili kukumbukwa: msikilizaji huijaza sauti asiyoielewa kwa mgeni anayemshuku. Arthur Conan Doyle naye, katika hadithi yake ya mwaka 1901 na 1902 juu ya jibwa la ukoo wa Baskerville, alikwenda njia ya pili. Watu waliona jibwa la kuzimu. Mpelelezi akamwona jirani mwenye kutaka urithi, ambaye alilipaka jibwa la kawaida dawa ya kung'aa. Jibwa likahamia baada ya "kwa".

Katika Kiswahili njia hii ilifunguliwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja (1918–1991). Mzimu wa Watu wa Kale, iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960, yaanza na maiti iliyokutwa penye mzimu. Mwandishi amelitumia neno lenyewe kwa werevu. "Mzimu" ni kiumbe, na pia ni mahali pa kutambikia. Mwenye hofu asikiapo kwamba mtu ameuawa mzimuni husikia kwamba ameuawa na mzimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, husikia kiambishi cha mahali tu. Katika Kisima cha Giningi, ya mwaka 1968, jina la makutano ya wachawi katika masimulizi ya Zanzibar limewekwa juu ya jalada, lakini jibu linapatikana kwa wanadamu.

Upungufu uliopo ni kwamba Bwana Msa amesomwa zaidi kama mwigo wa Sherlock Holmes, kwa ajili ya kiko na rafiki. Mfanano huo ni wa kweli, lakini ni wa nje. Holmes alikwenda kwenye nyika ya Kiingereza akakuta ngano iliyozeeka. Bwana Msa hufanya kazi kati ya watu ambao kwao mzimu ni jirani, na swali la mtendaji ni swali la kila msiba.

Hitimisho

Swali hilo si la vitabuni tu. Barabara ya Kisauni huelekea Kilifi, na ya Likoni huelekea Kwale. Katika sehemu hizo mbili wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na huko Kaya Godoma, Ganze, baadhi ya walionusurika wamepewa hifadhi. Mvi zimegeuzwa kuwa ushahidi, hata wako wazee wanaotia nywele rangi nyeusi ili waishi. Katika kesi nyingi ugomvi wa shamba na urithi umeonekana nyuma ya shutuma.

Mwenendo wa mambo ni huu. Kijana anafariki, na familia yasema "ameuawa". Nafasi ya mtendaji iko tupu, nayo yajazwa kwa jina la bibi au babu mwenye ekari chache. Bibi huyo akiuawa, watu husema aliuawa kwa uchawi wake. Mpelelezi angeipanga sentensi upya: aliuawa na mwenye kulitaka shamba, kwa neno "mchawi". Huko Singida muuaji alihitaji ngozi ya simba. Hapa neno hilo moja linamtosha.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kauli ya kutendwa, akadai mwanafunzi autenge mtendaji na chombo, hafundishi viambishi peke yake.