Albaillella, kioja cha bahari ya kale

Ukitafuta kiunzi cha ajabu kuliko vyote katika jamii ya radiolaria, waache wenye miiba mingi, uende kwa Albaillella. Radiolaria ni viumbe wa seli moja wanaoelea baharini, wengi wao hawafiki hata nusu milimita, nao hujijengea viunzi vya silika. Kwa kawaida kiunzi huwa tufe au kengele yenye vitundu vilivyopangana kama msuko wa dema. Albaillella haifuati umbo lolote kati ya hayo. Ni pembe nyembamba iliyojikunja kidogo, upande wake wa kulia unalingana na wa kushoto, na ndani yake fito mbili hupanda mpaka zikakutana kileleni, huku zikiungwa na mbavu za kukingama. Ndiyo maana haikuingia katika makundi yaliyokuwapo, ikabidi itengewe oda yake yenyewe. Aliyeitambulisha ni Georges Deflandre, mwaka 1952, kutokana na mawe ya kipindi cha Karbonifera ya kusini mwa Ufaransa.

Rekodi ya ukuta usio na vitundu anaishikilia ndugu yake wa kipindi cha Permi, Follicucullus, aliyepewa jina mwaka 1979. Huyu ni koni laini, iliyozibwa kote isipokuwa mdomoni.

Orodha kubwa kuliko zote ni ya Ernst Haeckel. Mwaka 1887, akitumia sampuli za safari ya meli Challenger ya 1872 hadi 1876, alieleza spishi 4,318, na 3,508 kati yake zilikuwa mpya. Kazi hiyo ina kurasa 140 za michoro, na kwa uzuri sijaona inayoishinda. Hata hivyo, hakuna Albaillella hata mmoja ndani yake.

Kwa urefu, bingwa ni Collozoum longiforme wa Atlantiki ya ikweta: seli nyingi zilizoshikamana katika utando wa ute, koloni moja ikifikia mita 3. Lakini hana kiunzi, kwa hiyo akifa haachi alama katika mwamba.

Hapo Albaillella anarudi mbele. Kiunzi chake hubaki ndani ya mawe magumu ya jamii ya gumegume, na wataalamu hukitoa kwa kuyalainisha mawe hayo kwa asidi ya hidrofloriki. Spishi zake zilibadilika upesi, moja ikipokea nyingine, kwa hiyo kila moja inaonyesha kipindi chake. Katika mawe ya bahari kuu ya kale nchini Japani, ukoo huu unafuatika hadi karibu na maangamizi makubwa ya mwisho wa Permi, takriban miaka milioni 252 iliyopita. Magamba ya chokaa huyeyuka katika vina vya namna hiyo, kwa hiyo hayawezi kutumika badala yake. Anayetaka kujua umri wa tabaka la Permi lililotoka huko chini, na aanze kwa kujifunza kuzitofautisha spishi za Albaillella.