PARACHICHI LA MAFUTA LICHUMWE LIMEKOMAA

Mkulima wa Mbeya au Iringa anajua kwamba mafuta ya nazi yatokayo pwani huganda chupani asubuhi ya baridi. Huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Kwa hiyo viwanda hutenga sehemu yake nyepesi na kuiunganisha na gliserini. Hapo hupatikana mafuta mepesi yasiyoganda upesi, yanayolainisha ngozi bila kunata.

Mnazi hautaki baridi, basi haufai katika nyanda zetu za juu. Lakini tunao mparachichi, unaostawi vizuri Rungwe na Mufindi. Mafuta ya tunda lake hubaki maji hata pale yale ya nazi yalipokwisha kuganda, nayo pia hutiwa katika mafuta ya kujipaka. Tunda dogo au lenye makovu kwenye ganda, lisilofaa kupelekwa nchi za nje, bado lafaa kukamuliwa.

Hasara kubwa ni kuchuma mapema. Mafuta huongezeka katika nyama ya tunda kadiri likaavyo mtini. Tunda changa limejaa maji. Likichumwa husinyaa badala ya kulainika. Ada ya shule haingoji, ni kweli, lakini mnunuzi akipata hasara mara moja, msimu ujao hatapita kijijini kwenu.

Pima kwanza, kwa njia hizi:

1. Pasua tunda moja. Ngozi ya kokwa ikiwa nyeupe na nene, ngoja. Ikiwa ya kahawia, nyembamba na kavu, tunda limekomaa.

2. Chuma machache, uyaweke ndani siku 7 mpaka 10. Yakilainika sawasawa bila kusinyaa, mengine yako tayari.

3. Penye mizani ndogo, kata vipande vyembamba vya nyama, gramu 100, uvikaushe mpaka uzito usipungue tena. Kwa aina ya Hass, wanunuzi wengi hutaka zibaki gramu 23 au zaidi.

Wakati wa kuchuma, kata kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi. Usitikise mti wala usipige matunda kwa fimbo. Yaliyoanguka yatengwe, yasichanganywe na mazuri. Yaweke kivulini, uyapeleke upesi.

Kumbuka: parachichi haliivi mtini. Likikomaa laweza kungoja huko kwa muda. Likichumwa changa, halirudishiki.