Boti za watalii: Mafuta yazuiwe kabla hayajagusa maji

Asubuhi katika ufuo wa Mji Mkongwe, Unguja, boti za kwenda Changuu hujazwa mafuta kabla ya abiria kupanda. Baharia huliinamisha dumu juu ya mdomo wa tangi, wimbi hutikisa boti, na petroli ikachuruzika ubavuni. Punde maji ya pale yanang'aa rangi za upinde wa mvua. Boti inaondoka, utando unabaki.

Wengi huona hilo ni jambo dogo, bahari ni kubwa. Lakini mafuta hayakai mahali pamoja. Lita moja ikitandaa kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, hufunika mita za mraba 1,000. Na ni papo hapo, juu ya maji, ambapo mayai na mabuu ya samaki wengi huelea. Utando ukisukumwa na upepo hadi kwenye mikoko, hunata kwenye mizizi ambayo mchu, aina mojawapo ya mikoko, huichomoza juu ya tope ili upate hewa. Mizizi ikizibwa, mti hudhoofika, na mafuta yaliyozama katika tope lisilo na hewa huweza kukaa humo miaka mingi.

Dunia hushtuka meli inapopasuka. Julai 2020 meli ya Wakashio ilipopanda mwamba Mauritius, na baadaye kumwaga tani zipatazo 1,000 za mafuta, kila mtu alisikia, na ilistahili. Ila mwaka 2002 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilieleza kwamba, katika bahari za Amerika Kaskazini, asilimia 85 hivi ya mafuta yatokanayo na shughuli za binadamu yalitoka kwenye maji yatiririkayo kutoka nchi kavu, mito michafu, ndege, boti ndogo na pikipiki za majini. Ajali za meli na mabomba hazikufika asilimia 8. Uchafuzi mkubwa, basi, ni ule wa kila siku usiopigiwa king'ora.

Sehemu ya tatizo iko kwenye mashine yenyewe. Injini za zamani za mipigo miwili, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, mara nyingi lita 50 kwa moja, hutoa robo ya mafuta hata zaidi bila kuungua, yakaishia majini. Kwa sababu hiyo katika Ziwa Tahoe, Marekani, injini za kabureta za aina hiyo zilipigwa marufuku mwaka 1999. Injini ya mipigo minne ni ghali kununua, lakini hula petroli kidogo na haichanganyiwi oili. Mwenye boti anayesafirisha watalii kila siku ana sababu ya kuihesabu faida hiyo kabla ya kununua nyingine.

Wakati huohuo, ipo kinga isiyohitaji mtaji. Tangi la kubebeka lijazwe nchi kavu, si ndani ya boti inayoyumba. Faneli iwe pana, na tambara lizungushwe kwenye mdomo wa tangi. Tangi lisijazwe pomoni: petroli hutanuka kwa joto, na lita 50 zilizotiwa alfajiri huongezeka karibu nusu lita joto likipanda nyuzi 10. Nafasi isipokuwepo, ziada hutokea kwenye tundu la kupumulia na kuingia baharini.

Boti zenye injini ndani zina hatari nyingine: ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika. Oili inayodondoka huchanganyika na maji chini ya sakafu, na pampu inayojiwasha yenyewe haichagui, hutupa vyote nje. Dawa yake ni kuziba panapovuja, kuweka sinia chini ya injini, na kulaza kwenye ngama vitambaa maalumu vinavyofyonza mafuta na kukataa maji.

Mafuta yakishamwagika, kwanza zuia chanzo. Ikiwa ni petroli, zima injini na sigara, ondoa watu, kwa maana mvuke wake huwaka upesi. Dizeli na oili zizungushiwe kizuizi kinachoelea, kisha zifyonzwe. Wakazi wa Mauritius walishona vizuizi vya namna hiyo kwa vitambaa wakavijaza majani ya miwa. Kisha mamlaka za bahari zipewe taarifa.

Sabuni isitumike kabisa. Inayafanya mafuta yasionekane, lakini haiyaondoi: huyavunja kuwa matone madogo yanayoshuka kwenye matumbawe na samaki. Sheria za Marekani zinakataza kutumia sabuni kuficha mafuta majini, na baharia wa kwetu aliyezoea kumwaga Omo juu ya utando anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Baharia peke yake hawezi. Kila gati la boti za watalii linahitaji pipa la oili chakavu na vitambaa vilivyolowa mafuta, la sivyo vitarudi baharini. Nao wakaguzi, ambao hutazama jaketi okozi kabla ya boti kuruhusiwa kubeba abiria, watazame pia ngama, tangi na vitambaa vya kufyonzea. Jaketi humlinda abiria wa safari moja. Ukaguzi wa mafuta utalinda matumbawe anayoyafuata yeye, na samaki anaowategemea mvuvi aliyekuwepo hapo kabla ya utalii.